Jina moja, kadi mbili: huu ni ujanja

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu akiwa dukani katikati ya Nairobi. "Mjomba, nimeipata ile GT 1030 uliyoniambia. Hapa ni nafuu kuliko kwingine. Nilipe?" Pesa aliyokuwa nayo mfukoni ni akiba ya miezi minne, ya kuchapa na kuskani karatasi za watu katika saiba ya mtaani. Nikamwambia, ngoja. Ligeuze hilo boksi unisomee herufi zilizo karibu na 2GB. Akasoma: DDR4. Nikamwambia alirudishe boksi na aende zake nyumbani.

"Lakini jina ni lile lile!"

Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Kwa wasiojua, kadi ya grafiki ndiyo inayochora picha za mchezo kwenye skrini, na kila picha huichora kwa kuchota data kutoka kumbukumbu yake yenyewe. Kumbukumbu ikiwa goigoi, kadi nzima inakaa ikingoja kama abiria kwenye stejini. GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaja nyingine ya DDR4, inayopitisha gigabaiti 16.8 tu. Takriban theluthi moja! Jina halikuguswa hata herufi.

Msiniambie ni ajali. RTX 3050 ya mwaka 2022 ina viini 2560 na kumbukumbu ya 8GB. Ile ya 6GB iliyokuja mwaka 2024 ina viini 2304, na njia yake ya kumbukumbu imepunguzwa kutoka biti 128 hadi 96. Mtu akiona 6 na 8 anadhani tofauti ni kumbukumbu pekee. Na msidhani ni Nvidia peke yao: mwaka 2017 AMD nao walikuwa na RX 560 ya viini 1024 na nyingine ya viini 896, jina moja.

Sasa tazameni hili. Septemba 2022 Nvidia walitangaza RTX 4080 mbili, moja ya 16GB na nyingine ya 12GB, ya pili ikiwa na viini vichache zaidi. Bei ya hiyo ndogo ilikuwa dola 899. Watu wakapiga kelele dunia nzima, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikaiondoa, ikikiri kwamba jina halikufaa. Januari 2023 ikarudi kwa jina la RTX 4070 Ti. Kumbe inawezekana! Mwenye dola 899 alisikilizwa. Mwenye akiba ya saiba anaambiwa asome boksi vizuri.

Najua kuna watakaonijibu kwamba habari zote ziko kwenye tovuti ya kampuni. Sawa. Lakini mimi naandika programu, na hiyo ndiyo riziki yangu. Nikibadilisha kitu kitakachovuruga kazi ya mtumiaji, nabadilisha namba ya toleo. Jina ni ahadi. Hapa kwetu mtu akichanganya pishori ya Mwea na mchele mwingine tunamwita mlaghai, hata kama ameandika ukweli kwa herufi ndogo chini ya gunia.

Kadi zenyewe sizichukii. Hiyo RTX 3050 ya 6GB inatumia wati 70, na nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75. Basi nyingi zake hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Kwa mwenye tarakilishi ndogo ya ex-UK, kama zile Dell OptiPlex ambazo pawa saplai yake mara nyingi ni ya wati 180 hadi 240, hilo ni jambo kubwa. Ni kadi nzuri iliyopewa jina la mwenzake.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, usiulize "ni GT ngapi" au "ni RTX ngapi." Uliza aina ya kumbukumbu, upana wa njia yake kwa biti, na wati inazokula. Kisha pima kasha lako, kwa sababu ex-UK nyembamba huchukua kadi fupi kwa kimo peke yake. Muuzaji akikubali, iwasheni pale pale na mfungue GPU-Z, programu ya bure itakayokuonyesha hayo yote. Akikataa, beba pesa zako.

Mpwa wangu alipata ya GDDR5 baada ya siku tatu, ya mtumba. Ni kadi kuukuu, nakubali, lakini GTA V anaicheza. Angelipa siku ile, angedhani tatizo ni mashine yake, au yeye mwenyewe. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.