Mgonjwa Aulizwe, Lakini Kipimo Kiwe Kimoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu ubishi ulioenea Ulaya na Marekani juu ya matibabu ya vijana wanaojiona kuwa wa jinsia tofauti na ile waliyozaliwa nayo. Wengi hulizungumza jambo hili kwa hasira, na hasira haipimi kitu. Mimi ni mwalimu. Nitasema upande mmoja tu ninaoufahamu, yaani upimaji.

Vijana hao hupewa dawa za kuzuia balehe, kisha homoni. Wengine wakishakuwa watu wazima hupasuliwa. Matokeo yanayotafutwa hayaonekani kwa kupima damu. Swali ni kama kijana amepata nafuu moyoni, kama ameukubali mwili wake na maisha yake. Hayo anayajua yeye, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo sababu madaktari humpa fomu ya maswali aijaze mwenyewe. Hilo ni jambo la haki kabisa.

Lakini tutazame Uholanzi. Mwaka 2014 madaktari wa Amsterdam walitangaza habari za vijana 55, kutoka kundi la 70, waliofuatiliwa tangu kabla ya dawa hadi angalau mwaka mmoja baada ya upasuaji. Walisema uchungu wa vijana hao kuhusu jinsia yao ulikuwa umekwisha, na nchi nyingi zikaufanya utafiti huo msingi wa matibabu. Hata hivyo, kipimo cha uchungu huo kilikuwa na karatasi mbili, moja ya wavulana na moja ya wasichana. Mwanzoni kijana alijaza karatasi ya jinsia aliyozaliwa nayo, na baada ya upasuaji akajaza ile nyingine.

Mwalimu yeyote ataona kasoro hapo. Nikimpa mtoto mtihani wa hesabu mwezi Januari na wa Kiswahili mwezi Novemba, siwezi kutangaza kuwa amepanda alama. Huenda amepanda kweli, ila karatasi zangu hazithibitishi. Kijana hakudanganya, kosa ni la kipimo. Mwaka 2020 kilitolewa kipimo kilichorekebishwa, chenye karatasi moja kwa wote.

Huko Marekani, Januari 2023, ulitangazwa utafiti wa vijana 315 wa miaka 12 hadi 20 waliotumia homoni kwa miaka miwili. Kwa wastani walieleza kuwa huzuni na wasiwasi vimepungua. Lakini nafuu hiyo ilionekana kwa waliozaliwa wasichana, si kwa waliozaliwa wavulana, na vijana 2 walijiua. Tena hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha. Wastani wa darasa unaweza kumficha mtoto anayezama.

Uingereza nako, Aprili 2024, daktari wa watoto Hilary Cass alitoa taarifa iliyosema ushahidi ni dhaifu. Watafiti walikuwa wametaka kujua hali ya vijana wapatao 9,000 waliopitia kliniki ya watoto, lakini kliniki 6 kati ya 7 za watu wazima zikakataa kutoa kumbukumbu kwa wakati huo. Desemba 2024 serikali ilizuia bila kikomo dawa za kuzuia balehe kwa wagonjwa wapya walio chini ya miaka 18, isipokuwa katika utafiti. Wapo madaktari wanaopinga, wakisema kuwa kumnyima kijana dawa nako kuna madhara.

Ndugu Mhariri, kwa maoni yangu pande zote mbili zina deni kwa vijana hao. Maswali yawe yale yale kabla na baada, na vijana wenyewe washirikishwe kuyatunga. Wafuatiliwe kwa miaka mingi. Na waliotoweka katika daftari watafutwe, kwani asiyefika siku ya mtihani huenda ndiye mwenye shida kuliko wote, au amepona akaenda zake. Bila kumwuliza, hakuna ajuaye.

Anayetetea dawa kwa kipimo kibovu na anayezipinga bila kumsikiliza mgonjwa wote wanakisia. Anayeumia kwa makisio hayo ni mtoto wa mtu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kongwa, Dodoma.