SABUNI SI DAWA YA TANGI

Ndugu wanachama,

Land Rover yetu ya ushirika inavuja petroli kwenye kizibo cha chini ya tangi. Kila wiki tunapaka sabuni ya mche, tunasema imepona. Jamani, haijapona.

Sabuni inasaidia gari lifike nyumbani, maana petroli haiiyeyushi. Lakini maji ya barabarani yanaiyeyusha. Na kipande cha tyubu kikikaa kwenye petroli huvimba na kulainika.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia humaliza debe. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Wa kisomo wapige wenyewe: 60 mara 60 mara 24. Hiyo ni jasho letu linamwagika mchangani. Na moto je? Mvuke wa petroli hutambaa chini mpaka ukute jiko au sigara.

Maoni yangu ni haya. Mkutano ujao utoe fedha za washa mpya ya shaba. Petroli itolewe nje, mbali na moto, iwekwe kwenye madebe yenye vifuniko. Meno yasafishwe, kizibo kikazwe kwa kiasi. Tukikaza kwa hasira meno yatakatika. Na mtu asithubutu kuchomelea tangi eti ni tupu. Tangi tupu limejaa mvuke, nao hulipuka.

Washa ni rahisi kuliko debe la petroli. Gari hili ndilo linalopeleka wagonjwa wetu usiku. Basi tuamue.

Katibu