Mtoto Kiziwi Naye Asimuliwe

Katika nyumba zetu nyingi, chakula cha usiku kikiisha kuliwa, bibi huita "Paukwa!" na wajukuu huitika. Mtoto kiziwi naye yumo katika duara hilo. Hutazama midomo inavyocheza, hucheka wenzake wanapocheka, wala hajui wanachekea nini.

Desturi ya kumwita mtoto huyo bubu imetupotosha. Hakunyimwa akili, amekosa watu wa kusema naye. Viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao hawajapata kujifunza lugha ya alama hata siku moja. Basi mtoto hufikia umri wa kwenda shule hana hadithi kichwani, kisha twastaajabu kwamba kusoma kunamshinda. Tangu shule ya viziwi ya Tabora ilipofunguliwa mwaka 1963, taifa limekuwa likimngojea mlangoni pa darasa. Sisi twaona huko ni kuchelewa.

Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Gallaudet mjini Washington, ambacho ni cha viziwi, kilichukua ujuzi wa wazazi viziwi wanaowasomea watoto wao, kikaufanya mafunzo kwa wazazi wanaosikia. Mwalimu kiziwi alikwenda nyumbani, akawafundisha mama na baba kusimulia kitabu kimoja kwa alama. Akawaachia mfuko wenye kitabu hicho na kanda ya picha ya kujikumbushia. Leo simu ya mkononi yatosha badala ya kanda.

Ujuzi wenyewe si mgumu, ila haufanani na tuliouzoea. Mtoto anayesikia hupakatwa, macho yakawa kitabuni na masikio kwa mama. Kiziwi ana macho tu kwa kazi zote mbili. Yapasa akae akimkabili msomaji, kitabu kikiwa wazi kati yao, na taa imulike mikono na uso. Aachwe kwanza aishibe picha. Akiinua macho, ndipo asimuliwe. Msomaji asifuate neno kwa neno, kwa maana lugha ya alama ina sarufi yake. Atoe maana, halafu amwonyeshe neno la Kiswahili lililoandikwa. Simba awe simba usoni na mabegani. (Wazee wenye haya watapata taabu hapa.) Na mtoto akitaka kitabu kile kile mara ya kumi, apewe.

Wako watakaosema fedha hazipo. Lakini mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinazitaka serikali kurahisisha kujifunza lugha ya alama. Wako vijana viziwi waliomaliza shule na hawana kazi. Lugha wanayo, na Chama cha Viziwi Tanzania chaweza kuwakusanya. Halmashauri ziwape nauli, posho na vitabu vichache vya hadithi, waingie nyumbani mwa watoto hawa kabla hawajatimiza miaka mitatu. Hiyo ni kazi ya kuingizwa katika bajeti ijayo, si ya kuundiwa kamati.