Wacheni Kucheka V8 ya Mmarekani: cc Ni Hesabu ya Mtoza Ushuru

Wasee, leo nataka tugombane kidogo.

Jumamosi iliyopita nilipitia pale mtaani tunapooshea magari nikapata vijana wanne wameinamia simu moja, wanacheka mpaka machozi. Kwa simu ni video ya Cadillac Eldorado ya 1976. Injini ya lita 8.2. Nguvu? Farasi 190. Mmoja akapiga hesabu hapo hapo: "Manze, hiyo ni farasi 23 kwa lita! Fielder ya mathe inatoa karibu 70. Hawa Wamarekani walikuwa wanatengeneza injini ama masufuria?"

Nilicheka pia, sitawadanganya. Lakini nikaenda nyumbani na swali moja: watu waliopeleka binadamu mwezini 1969 walishindwaje na injini ya gari?

Hawakushindwa. Sisi ndio tunawapima kwa rula ya mtu mwingine. Na hiyo rula, ukiifuata mpaka inakotoka, utajikuta kwa ofisi ya ushuru.

Tuanze na hizo farasi. Nguvu ya injini ni vitu viwili vimezidishwa: inasukuma kwa nguvu gani kila ikizunguka, na inazunguka mara ngapi kwa dakika. Fikiria siku maji yamepotea na mnajaza tanki. Wewe unabeba mtungi wa lita 20, unatembea polepole. Ndugu yako mdogo amebeba wa lita 5, lakini anakimbia kama amefukuzwa na mbwa. Jioni ikifika mnaweza kuwa mmejaza maji sawa. Nani mzembe hapo? Hakuna. Lakini tunajua nani ataamka kesho akiumwa na magoti.

Honda S2000 ya 1999 ndiyo huyo ndugu mdogo. Lita 2, farasi 240, yaani 120 kwa lita. Ni kazi safi, sina ubishi. Lakini farasi hizo zote unazipata injini ikizunguka mara 8,300 kwa dakika. Sasa leta Chevrolet Corvette ya 1997: lita 5.7, farasi 345, yaani 60 kwa lita. Nusu! Kwa vijana wa simu hiyo ni aibu. Lakini Corvette inafikisha farasi zake kwa mizunguko 5,600, na msukumo wake ni zaidi ya mara mbili ya ule wa Honda. Unagusa mafuta kidogo tu imeondoka. Huhitaji kupiga resi mpaka majirani waamke.

Na hapa ndipo wengi wetu huanguka: lita hazipimi ukubwa wa injini. Zinapima nafasi iliyo ndani ya silinda, ile pistoni inafagia ikipanda na kushuka. Corvette hiyo ina kamshafti moja tu, imefichwa katikati ya V, na vavu mbili kwa kila silinda. V8 nyingi za Ulaya na Japani zina kamshafti nne juu ya vichwa, na vavu mara mbili ya hizo. Ndiyo maana V8 ya Mmarekani yenye lita nyingi inaweza kuwa fupi na nyembamba kwa nje, na rahisi kutengeneza, kuliko ile yenye lita chache. Gari haibebi lita. Inabeba chuma. Na wewe pia kwa duka la spea hulipii lita, unalipia chuma.

Sasa kwa nini dunia nzima iliabudu lita na Mmarekani hakujali? Fuata pesa.

Uingereza, kuanzia 1910, ushuru wa gari ulihesabiwa kwa upana wa silinda. Upana tu. Urefu ambao pistoni inasafiri haukuhesabiwa kabisa. Wahandisi wakafanya nini? Wakatengeneza silinda nyembamba na ndefu kwa miaka mingi, mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Shida waliyokuwa wanatatua haikuwa ya barabara, ilikuwa ya mtoza ushuru.

Japani wana kodi ya kila mwaka inayopanda kadiri cc zinavyopanda, na wana kundi la vigari vidogo vya kei ambavyo kikomo chake kilikuwa 360cc, kikawa 550cc, na sasa ni 660cc. Ukipewa 660 peke yake, lazima ukamue kila tone. Hapo ndipo heshima ya "farasi kwa lita" iliponona. Ni heshima ya kweli, lakini ni heshima ya mtu aliyefungiwa chumba kidogo akakipanga vizuri.

Marekani, serikali ya taifa haikumfungia mtu chumba cha cc. Mafuta nayo yalikuwa rahisi. Mpaka leo ushuru wa taifa kwa petroli ni senti 18.4 za dola kwa galoni, na haujaguswa tangu 1993. Ni kama shilingi sita na kitu kwa lita. Majimbo huongeza yao juu, sawa. Lakini hapa kwetu ada ya barabara peke yake ni Sh25 kwa lita, na bado hujafika kwa VAT.

Kwa hivyo mhandisi wa Detroit alikuwa na swali tofauti kabisa: ni njia gani ya bei rahisi ya kusukuma gari nzito, yenye gia za otomatiki, siku nzima kwa barabara iliyonyooka, bila kuharibika? Jibu lilikuwa rahisi. Ongeza nafasi kwa silinda, punguza mbio. Ford mwaka 1932 waliweka V8 ya lita 3.6 yenye farasi 65 kwa gari ya mwananchi wa kawaida. Chevrolet wakaja na V8 yao ndogo 1955, na kufikia 2011 General Motors walikuwa wametengeneza milioni 100 za ukoo huo. Buda, hakuna kampuni inarudia ujinga mara milioni 100.

Najua mtasema, "Lakini ile Cadillac je?" Sawa, tuingie hapo. Mwaka 1970 Eldorado ya lita hizo hizo 8.2 ilitangazwa kuwa na farasi 400. Mwaka 1976 ni 190. Zilienda wapi?

Sehemu yake hazikuwahi kuwepo. Zamani kampuni zilipima injini ikiwa uchi mezani, bila vifaa vinavyokula nguvu yake na bila bomba la moshi la gari yenyewe. Kufikia magari ya 1972 wakaanza kupima injini ikiwa imevaa nguo zote, kama itakavyokaa ndani ya gari. Farasi za karatasi zikatoroka usiku mmoja.

Sehemu nyingine ilitolewa kwa makusudi. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi. Injini zikapunguzwa mgandamizo ili ziweze kutumia petroli isiyo na risasi, na magari ya 1975 yakaanza kufungwa vichujio vya moshi. Teknolojia ilikuwa bado ni ya kabureta, kompyuta za injini hazijakomaa. Kwa hivyo ndiyo, injini zilikosa pumzi. Lakini watoto walianza kupumua hewa yenye risasi kidogo. Sisi huku tuliendelea kuivuta hiyo risasi kwa miongo mingine mitatu. Sasa cheka tena.

Na sitaki mfikiri Mmarekani ni malaika. Hapana. Tangu 1964 wanatoza pikapu zinazotoka nje ushuru wa asilimia 25, ulioanza kama ugomvi wa kuku na Wazungu wa Ulaya. Ni kuku wa kuliwa, sichezi. Halafu sheria zao za matumizi ya mafuta zikaziwekea pikapu masharti mepesi kuliko magari madogo. Matokeo ni mipikapu mikubwa kama kibanda inayobeba mtu mmoja na kahawa yake. Hiyo nayo si tabia ya kuzaliwa, ni sheria. Na sheria ilipokaza, wao pia walibadilika: kufikia 2011 Ford F-150 ilikuwa inauzwa na V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili. Injini hufuata sheria kama maji yanavyofuata mtaro.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo panaponiuma.

V8 za Marekani huku ni chache, usukani uko kushoto na sheria yetu haitaki. Lakini dini ya cc tumeimeza nzima. Ushuru wa kuingiza gari unapanda ukivuka 1500cc, kwa hivyo kila kijana anayetafuta gari ya kwanza swali lake ni "cc ngapi?" na basi. Binamu yangu alifanya hivyo. Akachukua mkopo, akanunua kagari ka turbo, cc kidogo kabisa, farasi kibao. Desemba tukajaa watano na mizigo tukienda ushago. Kwa mlima ikachemsha. Gasketi ya kichwa ikaenda, turbo ikafuata. Sitataja jina la hiyo gari. Mkopo bado analipa, na anapanda matatu.

Na matatu yenyewe ni gani? Isuzu NQR. Dizeli ya lita 5.2, na haifikishi hata farasi 40 kwa lita. Inapanda mlima huo huo na watu 33, mara kadhaa kwa siku, miaka nenda miaka rudi. Najua dizeli na petroli si kitu kimoja, lakini wazo ni lile lile la Detroit: silinda kubwa, mbio kidogo, maisha marefu. Mbona hiyo hamuiiti sufuria?

Ndiyo, injini kubwa kwa kawaida hunywa zaidi. Kama safari yako ni Umoja kwenda tauni na foleni, nunua Vitz na ulale vizuri. Ninachopinga ni kudhani namba ya cc inakuambia ukweli wote.

Na serikali pia inadhani hivyo. Mnakumbuka 2024, Mswada wa Fedha ulikuja na ushuru wa gari wa asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka, na cc zikiwa kati ya vitu vya kupima hiyo thamani. Tulipiga kelele, ukaondolewa. Wazo kama hilo halifi, hulala tu. Likiamka, tuwe na jibu: gari ya 1500cc iliyochoka inayozunguka jiji kutwa inachoma mafuta mengi kuliko ya 3000cc inayotoka Jumapili kwenda kanisani. Anayechoma zaidi tayari analipa zaidi kwa pampu. Kututoza tena kwa cc ni kututoza kwa nafasi iliyo ndani ya silinda.

Kwa hivyo kabla hujanunua, uliza inabeba uzito gani, inapanda wapi, spea ni pesa ngapi, na fundi wa mtaani anaijua. Cc uliza mwisho. Na wale vijana wanne, najua mnasoma hii. Jumamosi nitakuwa hapo. Kujeni na hoja.