WANAWAKE NA VITI VYA CHAMA



Ada ya mwanamke katika chama hiki ni sawasawa na ada ya mwanamume. Hapunguziwi hata senti moja. Lakini ukifika wakati wa kuchagua viongozi wa tawi, mwanamke hupewa cheo kimoja tu, mjumbe wa wanawake, cheo kisichokuwa na ufunguo wa ofisi wala sahihi ya benki, na vyeo vingine vyote hugawanywa baina ya wanaume. Tunataka kulisema jambo hili kabla ya uchaguzi wa matawi, maana baada ya uchaguzi itakuwa ni kunung'unika tu.

Wako wanaosema kwamba desturi ya huku kando ya ziwa haimruhusu mwanamke kuongoza wanaume. Maneno hayo yalikwisha kujibiwa hapa hapa Kisumu mwaka 1965. Meya wa mji alipofariki, madiwani walimchagua Bibi Grace Onyango, aliyekuwa mwalimu, kushika nafasi yake, naye akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya katika Kenya nzima. Mji haukuzama ziwani. Kisha ukaja mwaka 1969, mwaka wa majonzi. Mwezi wa Julai aliuawa Bwana Tom Mboya, ambaye wafanyakazi wa nchi hii walimjua kama katibu wao kabla hajawa waziri. Mwezi wa Oktoba damu ilimwagika Kisumu siku ya kufunguliwa hospitali mpya, na chama cha KPU kikapigwa marufuku. Katika saa hiyo ngumu, mwezi wa Desemba, watu wa Kisumu walimpeleka Bungeni nani? Walimpeleka mama yule yule, akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuingia Bungeni kwa kura za wananchi. Wakamrudisha mwaka 1974, na tena 1979. Alifariki Machi 2023, mzee wa miaka tisini na zaidi, na wale waliokuwa wakisema haiwezekani walikwisha kusahauliwa zamani.

Na hiyo desturi yenyewe tuiangalie vizuri. Mzee gani wa Kijaluo hajui habari za siwindhe? Pim, mama mzee, ndiye aliyewafundisha watoto mle ndani habari za ukoo, za jamaa na za mipaka ya adabu. Waliomkabidhi kazi hiyo hawakuona aibu.

Wengine hututaka tutazame China. Haya, na tutazame. Katika historia yao ndefu mwanamke mmoja tu, Wu Zetian, alikaa kwenye kiti cha ufalme kwa jina lake mwenyewe, tangu mwaka 690 mpaka 705. Mwaka 1950 serikali mpya ilitoa sheria ya ndoa iliyompa mwanamke haki ya kuchagua mume na kumiliki mali, na jambo hilo lilikuwa kubwa. Mwaka 1995 wanawake wa dunia walikutana Beijing, miaka kumi baada ya kukutana kwetu Nairobi mwaka 1985. Lakini Oktoba 2022 chama kinachotawala China kilipochagua halmashauri yake ya siasa ya watu 24, hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Wala tusiwacheke. Katiba yetu ya 2010 yasema watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika baraza lolote la kuchaguliwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya jambo hilo. Bunge liliendelea kukaa.

Basi kuna hasara gani kwa mfanyakazi? Hasara iko mezani pa mapatano na mwajiri. Chini ya sheria ya zamani mama aliyejifungua alipata miezi miwili yenye mshahara, lakini alinyang'anywa likizo yake ya mwaka, kana kwamba kuzaa ni mapumziko. Ilichukua mpaka Sheria ya Ajira ya 2007 kumpa miezi mitatu na kumwachia likizo yake. Sheria ya Afya ya 2017 yamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea mtoto. Kila msomaji na ajiulize kama amekiona chumba hicho kazini kwake. Mambo haya huandikwa kwenye karatasi ya madai, na mwajiri akikaza uzi ndiyo huachwa kwanza, kwa sababu wote walioketi mezani hawajapata kukamua maziwa chooni.

Lipo na jambo la saa za mikutano. Mkutano ukiitwa saa kumi na mbili jioni mjini, mwanachama anayekaa Kisian atafikaje kwake? Utakapokwisha, kama unavyojua wasemaji wetu, ni saa tatu usiku, na yeye bado atafute matatu, ashuke pale njia panda ya Busia na Bondo, kisha atembee gizani. Asipokuja tunasema wanawake hawapendi chama. Mkutano wa Jumamosi asubuhi haugharimu kitu.

Kwamba wanaweza kazi hii hatuna haja ya kubishana. Bibi Rose Omamo alianza kama makanika katika kiwanda cha kuunganisha magari Mombasa, na mwaka 2006 wafanyakazi wa vyuma wa Kenya walimchagua awe Katibu Mkuu wao. Na anayesema wanawake hawajui hesabu aende soko la Kibuye akajaribu kumpunja mwenye samaki.

Kwa hivyo twapendekeza kwa kila tawi: wanawake wawili au zaidi wawe katika kamati ya mapatano, na majina yao yapendekezwe pia kwa ukatibu na uweka hazina. Fomu ziko kwa katibu wa tawi. Mwanamke akija kuichukua, apewe, wala asiulizwe kama mumewe amekubali.