Kabla ya Kulaumu Maji na Kijicho, Mtazameni Mtoto Kichwani

Mtoto akianza kunyonyoka nywele hapa Muscat, watu wa nyumbani wana majibu mawili tayari: maji na kijicho. Maji ya mfereji yanatoka baharini, yanaondolewa chumvi, kwa hiyo ati yanaunguza nywele. Na kijicho, basi tena, kila aliyesifu nywele bila ya kusema mashallah anatuhumiwa.

Hoja ya maji haisimami. Nyumba ina watu wanane, wote wanakoga maji hayo hayo, na aliyepata kipara cha duara ni mmoja tu, wa miaka mitano. Kuhusu kijicho sitobishana na mtu. Msomeeni mtoto, kusoma ni kheri, lakini msomeeni njiani mkenda kwa daktari, kwani dini hiyo hiyo imetuamrisha kutafuta dawa.

Linaloniuma zaidi ni mapunye, kwa sababu dawa yake ipo na bado watoto wanakaa nayo miezi wakifichwa chini ya kofia. Nywele hukatika karibu na ngozi, zikaacha vidoa vyeusi, ngozi ikatoa magamba na kuwasha. Hao ni fangasi. Huambukizwa kwa kitana, kofia, mto, mashine ya kinyozi, na, mtanisamehe wapenzi wa paka, hata kwa vile vipaka vya mitaani ambavyo watoto hawaachi kuvibeba. Uchafu wa mama haumo humo, ingawa mawifi ndilo wanalolinong'ona kwanza.

Mafuta peke yake hayatibu mapunye. Fangasi wameshaingia ndani ya unywele mpaka chini ya ngozi. Mafuta ya nazi hayafiki huko, wala ya habasoda, na kunyoa hakumalizi kazi. Inatakiwa dawa ya kunywa, kama griseofulvin au terbinafine, kwa wiki kadhaa, kipimo akipange daktari kwa uzito wa mtoto, na imalizwe hata nywele zikianza kuota. Shampuu ya dawa inasaidia asiambukize wenzake. Zile krimu za steroidi tunazojinunulia wenyewe duka la dawa ni hatari: muwasho unatulia, mnadhani amepona, kumbe fangasi wanashamiri.

Mara nyengine pahala hapo huvimba, pakalainika na kutoa usaha. Bibi atasema jipu, lipasuliwe. Jamani, msilipasue, mpelekeni hospitali haraka. Mapunye yakifika hapo na yakacheleweshwa huacha kovu, na penye kovu nywele hazioti tena maisha.

Jengine tunalifanya kwa mikono yetu. Idd inakuja, harusi inakuja, mtoto wa kike anavutwa nywele mpaka macho yanamkazika, halafu anaambiwa avumilie, ndiyo uzuri huo. Ukiona vipele kwenye mizizi na nywele za panda la uso zinapungua, legeza leo. Zikiwahiwa, hurudi. Mtoto akivutwa hivyo mwaka baada ya mwaka, hazirudi.

Kichanga kupoteza nywele za kuzaliwa, au kuwa na kipara kisogoni kwa kulala chali, hayo ni ya kawaida. Homa kali nayo inaweza kuzipukutisha nywele miezi miwili mitatu baadae, kisha zikarudi wenyewe. Upungufu wa damu uulizieni, hasa kwa mtoto anayeshiba maziwa na chai akakataa chakula. Na kipara laini kabisa, bila magamba, huenda ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi ya nywele. Nyingi huota tena, lakini daktari wa ngozi amuone.

Yupo pia mtoto anayezing'oa mwenyewe, kimya kimya, kitandani au mbele ya televisheni. Nimesomesha miaka mingi, na huyu ndiye anayegombezwa kuliko wote. Kabla ya kumpiga kibao cha mkono, ulizeni nini kimebadilika: amehamishwa kutoka Unguja kwa bibi yake, baba yuko kazini Dubai, amezaliwa mdogo wake? Kumgombeza kunamzidishia.

Na mkishajua kuwa ni mapunye, ndugu zake wote watazamwe vichwa siku hiyo hiyo, kila mmoja apewe kitana chake, na yule paka apelekwe kwa daktari wa wanyama.