DAWA HUAMULIWA NA WAKETIO MEZANI

Mrina asali wa Inyonga aingiapo porini hana habari na halmashauri za wakurugenzi zinazokutana Ulaya. Lakini mbung'o akimwuma na kumtia malale, uhai wake waweza kutegemea neno lililoamuliwa katika halmashauri hizo miaka mingi kabla.

Watu wa Mpanda wanaijua malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha wananchi wengi wa magharibi ya Tanganyika, wa Ukonongo wakiwamo, ili kuwaepusha na mbung'o. Watu walihama, mbung'o alibaki, na hata leo yumo katika misitu ya Katavi. Tangu 1949 mgonjwa ambaye malale imemfika ubongoni alidungwa melarsoprol, dawa yenye aseniki, ambayo yenyewe iliua wagonjwa wapatao 5 katika kila 100. Twauliza: mbona dawa ya namna hiyo ilitumika zaidi ya nusu karne?

Sababu si uhaba wa wataalamu. Kampuni ya dawa ni mali ya wenye hisa. Wenye hisa huchagua wakurugenzi, wakurugenzi humwajiri meneja mkuu, na hao ndio wagawao fedha za utafiti. Kwa kuwa hupimwa kwa faida, fedha huelekea kwenye maradhi ya wenye uwezo wa kununua. Hatusemi kwamba ni watu wabaya; twasema wanamtumikia aliyewaweka.

Ushahidi upo. Eflornithine iliidhinishwa mwaka 1990 kwa malale ya Afrika ya magharibi na ya kati. Mwaka 1995 ikaachwa kutengenezwa kwa ajili ya wagonjwa hao, kwani haikuleta faida. Mwaka 2000 ikaidhinishwa Marekani kuwa dawa ya kupaka ya kupunguza nywele za usoni mwa wanawake! Ilipofika 2001, baada ya Shirika la Afya Duniani na Madaktari Wasio na Mipaka kupiga kelele, ndipo kampuni ya Aventis ilipokubali kuitoa bure.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 2003 liliundwa shirika la DNDi, lisilotafuta faida. Miongoni mwa waasisi wake zimo taasisi za umma za Kenya, India, Brazil na Malaysia. Shirika hilo liliifufua fexinidazole, dawa iliyokuwa imetelekezwa tangu miaka ya 1980, likaijaribu kwa kushirikiana na Sanofi. Wakaguzi wa Ulaya waliikubali mwaka 2018 kwa malale ya magharibi, na mwishoni mwa 2023, baada ya majaribio Malawi na Uganda, kwa malale yetu ya mashariki. Ni vidonge vya kumeza siku 10. Dawa ni ile ile. Waliobadilika ni waketio mezani.

Wapo watakaosema kwamba wagonjwa wa malale sasa ni wachache. Ni kweli, na ndiyo maana soko halitawakumbuka kamwe.

Basi yatupasa kujifunza. Taifa letu lina Taasisi ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu tangu 1979. Kila kiwanda cha dawa ambamo umma una hisa, halmashauri yake haina budi kuwa na mtafiti na msemaji wa wagonjwa, na kila mwaka itangaze ni kiasi gani cha fedha kimetumika katika utafiti, na kwa maradhi gani. Kiwanda kisicho na faida hufa, twajua. Lakini kiwanda cha umma kisichowajua wagonjwa wa Katavi ni cha umma kwa jina tu.